Mfano Usio na Jina

Asubuhi ile niliondoka Kasongo bila kujua ninakokwenda, kama kawaida yangu. Penye pikipiki za kukodi nikamkuta mwanamke mwenye mtoto mgongoni na bunda la nguo, anakwenda Wamaza kwa kaka yake. Nikasema nami nakwenda Wamaza. Tukapanda pikipiki moja.

Nilimfahamu. Jana yake nilikaa nyuma kabisa msikitini, maana shule niliiacha mapema, lakini siwezi kupita penye darasa bila kusikiliza. Mwalimu alieleza mfano wa buibui: anayemtegemea asiye Mungu ni kama buibui aliyejijengea nyumba, na hakuna nyumba dhaifu kuliko hiyo. Kisha akaongeza la kwake: "Wako wanawake wanaotishia waume zao kwamba wana kaka."

Jina hakutaja. Hiyo ndiyo nguvu ya mifano ile. Inachukua mdudu ambaye kila mtu amewahi kumfagia nyumbani kwake, halafu inawaachia wasikilizaji wamtafute anayesemwa. Nyuma ya pazia wanawake walimpata mara moja, nilisikia vicheko. Mume wake alikuwa ameoa mke wa pili, na mwanamke huyu alikuwa ameapa kisimani kwamba ataondoka aende kwa kaka yake. Walipotoka nje wakamzunguka: "Mama Buibui, leo utasuka wapi?"

Tuliposimama njiani kupoza injini, akaniuliza, "Na wewe ulicheka?"

"Hapana."

"Unajua kusema uongo, ndugu."

Tulipofika Wamaza, kaka yake alisimama mlangoni na hakusogea. Simu ilikuwa imetutangulia.

"Bwana wako amenieleza yote. Hata mwalimu amekusema msikitini."

"Yaya, kaka yangu, mtoto hajakula."

"Mwalimu amesema kweli. Nyumba yako umeivunja kwa mdomo."

"Buibui ndiye aliyemficha Mtume pangoni. Hilo mwalimu hakulisema."

"Basi nenda pangoni."

Mke wake akacheka kutoka ndani, na kaka mwenyewe akacheka, amefurahia jibu lake. Mwanamke akabaki amesimama, kama anangoja aambiwe ni mzaha. Hakuambiwa. Akakaza kitenge cha mtoto, akarudi kwenye pikipiki.

"Turudi Kasongo," akamwambia dereva. "Kwa bwana yangu."

Vumbi lilipotulia, kaka akanitazama.

"Na wewe mgeni, uko Mwislamu? Ingia, baba. Mgeni hawezi kulala njiani."

Mvua ilikuwa inakuja, nami sikuwa na kwingine. Tulikula ugali na samaki. Akataka kusikia mifano mingine, nikampa ule wa punda aliyebeba vitabu bila kujua kilicho mgongoni mwake. Alicheka mpaka akapaliwa, akanitajia majirani wawili wanaofanana na punda huyo kabisa.

Kisha akachukua tochi, akanionyesha pa kulala. Kilikuwa chumba kitupu, kimefagiliwa vizuri, chenye kitanda cha watu wawili.