Besi ya Babu Yako

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na marehemu mama yako angenisikia nikisema hivyo ningelala na njaa. Ilikuwa hapa hapa Etobicoke, mjini Toronto, katika sebule hii ya ghorofa ya kumi na moja, theluji imejaa kibarazani. Babu yako alinijibu maneno machache ambayo sijayasahau. Wewe ulikuwa bado umelala kwa uchovu wa safari. Sijawahi kukusimulia. Leo nakusimulia, kwa sababu Jumapili iliyopita mlikuja wewe na mumeo, mkakaa kwenye kochi hilo, ukaniambia Mungu amewaita mwende kujitolea Nepal. Nami nikakujibu upesi mno.

Bibi yako alipofariki kule Rungwe, nilimleta babu yako Toronto akae nasi. Alikuja na koti moja zito na kitabu cha nyimbo ambacho jalada lake lilishonwa kwa uzi. Sisi watu wa Rungwe tukikutana wanne tumeshakuwa kwaya, na nyumba yetu haikuwa tofauti. Kila jioni baada ya chakula tulifanya ibada ya nyumbani. Mama yako aliimba sauti ya kwanza, wewe ukaibahatisha ya pili, mimi ya tatu, na babu yako ya nne, ile besi yake iliyotikisa vikombe kabatini. Mdogo wako Lusajo aliimba alichojisikia.

Mwaka wa pili kanisa letu likatangaza kwamba inatafutwa familia ya kwenda kujitolea Kambodia. Mama yako alikuwa nesi. Mimi nilikuwa fundi umeme wa kusomea, ila hapa nilipanga maboksi ghalani. Nikasimama mbele ya watu nikasema tutakwenda. Mungu aliniita, mwanangu, hilo silikatai mpaka leo. Lakini baridi ya Toronto nayo ilikuwa inanifukuza, na lile ghala pia, na mtu anayeitwa mbele huku anafukuzwa nyuma hukimbia sana.

Jioni ile nikamwambia babu yako mezani kwamba Mungu ametuita. Yeye asingeweza kufuatana nasi, kwa sababu ya presha na sukari. Aliweka kijiko chini, akauliza ni kwa muda gani. Nikamwambia mwaka mmoja.

"Akiita Mungu, nani atakataa?" akasema, akachukua kijiko chake akaendelea kula.

Nikalipokea jibu lile kama baraka. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kijana ambaye akili yake imeshapanda ndege hasikii mshindo wowote. Nikawaomba watu wa kanisa wawe wanampitia. Tukaondoka, na ule mwaka mmoja ukazaa mitatu.

Maisha ya kule najua unayakumbuka kwa vipande vipande. Nyumba yetu ya mbao ilisimama juu ya nguzo kando ya ziwa, na msimu wa mvua maji yalikuja mpaka kwenye ngazi. Mama yako aliwapima watoto uzito kwenye mizani iliyoning'inizwa kwenye boriti. Mimi nilitengeneza pampu za maji na nyaya za shule. Nyinyi mlijifunza Kikhmeri kwa wenzenu mpaka mkawa mnatusengenya mbele ya macho yetu. Tulisafiri kwa mtumbwi hadi vijiji vinavyoelea, tukalala kwa watu tusiowajua, tukala tulichopewa. Ilikuwa kazi njema, na sitaki mtu aidharau.

Ila kulikuwa na bibi mmoja jirani aliyetuletea wali wa kunata. Siku moja aliuliza kupitia kwako kwamba babu yenu anaishi na nani, maana kule kila nyumba ilikuwa na mzee wake. Nikakwambia umjibu kwamba yuko na watu wa kanisa. Wewe ukamjibu kwa maneno marefu kuliko yangu, naye akageuka akamtazama mama yako kwa huruma. Mpaka leo sijui ulimwambia nini.

Ibada hatukuiacha. Jioni yetu ilikuwa asubuhi ya Toronto, basi babu yako alikwangua kadi ya simu, akatupigia, nasi tukaiweka simu mkekani juu ya bakuli lililofudikizwa, tukaifungulia sauti wote tusikie. Kusoma neno kulikwenda vizuri, na sala pia. Shida ilikuwa wimbo. Unajua unapomwita mtu aliye ng'ambo ya bonde: sauti yako inakwenda kwanza, na yake inakufikia baadaye. Ndivyo simu ile ilivyokuwa. Besi ya babu yako ilifika wakati sisi tumeshahamia mstari mwingine. Mwanzoni tulimsubiri mwisho wa kila mstari, mpaka wimbo wa beti tatu ukawa unachukua muda wa mahubiri. Jioni moja ukasema kwa Kiingereza kwamba Babu amechelewa tena. Lusajo akacheka. Mama yako akaniangalia.

Nikanyoosha kidole, nikabonyeza kitufe kilicho ubavuni mwa simu mpaka sauti ya babu yako ikaisha. Tukaimba vizuri bila yeye. Tulipokaribia mwisho nikaipandisha tena, akasema Amina pamoja nasi. Ikawa ndiyo desturi yetu mpaka tuliporudi, nami nikajiambia kwamba hajui.

Tulirudi kipindi cha theluji. Tulipofika mlangoni tulifunguliwa na mama mmoja wa Kihindi aliyejifunga shali, akatukaribisha ndani kana kwamba wageni ni sisi. Nikamwamkia shikamoo kwa mazoea tu, akaitikia marahaba. Huyo ndiye Mama Gulshan, Mwismaili aliyezaliwa Tabora, mjane, aliyekaa ghorofa iliyo chini yetu tu. Kabla hatujaondoka nilikuwa napanda naye lifti kila siku, kila mmoja anatazama namba za ghorofa, na wala sikujua kwamba anajua Kiswahili kunishinda.

Baada ya chakula tukakaa kwenye ibada, safari hii wote chumba kimoja, na Mama Gulshan akabaki kwenye kiti cha karibu na mlango na chai yake. Mama yako akaanzisha wimbo. Besi ikaingia mbele ya sisi wote. Haikuwa mbele sana, ni kama pumzi moja, lakini wimbo mzima ulikwenda upande. Mkacheka, wewe na Lusajo. Nami nikatabasamu. Tukaanza upya, akatangulia tena. Mara ya tatu babu yako akafunga kitabu, akasema tuendelee tu, yeye koo limemkauka.

Mama Gulshan akaweka kikombe chini.

"Watoto wacheke, ni watoto," akaniambia. "Wewe mwanangu usicheke."

Ndipo akanieleza. Mwaka ule tulioondoka alianza kusikia mtu akiguna juu ya dari yake kila asubuhi. Akadhani kuna mgonjwa anayekata roho. Akapanda ngazi kwa magoti yake mabovu, maana lifti ilikuwa imeharibika, akagonga, babu yako akamfungulia akiwa na simu mkononi. Besi ikiwa peke yake haina tuni, mwanangu. Ukiisikia bila wenzake utadhani mtu anaumwa, na labda hukosei. Tangu siku hiyo alipanda kila asubuhi na chupa ya chai, akakaa akisikiliza nyimbo za dini isiyo yake, kwa sababu na yeye kwake hakukuwa na mtu. Akamwona mzee akijifundisha kuingia kabla ya wakati, anaitupa sauti mbele kidogo, ili ikivuka nchi zote hizo ifike pamoja na zetu.

"Miaka hiyo yote anatangulia ili awafikie. Huko mlikuwa mnamsikia?"

Hakungoja jibu langu. Akasema aliwahi kumuuliza babu yako kwa nini hakunizuia nisiende. Babu yako alimjibu kwamba mwanawe akisema anataka jambo, atabishana naye. Lakini akisema Mungu ndiye anayetaka, abishane na nani? Kisha Mama Gulshan akachukua chupa yake ya chai, akatuaga, akashuka kwake.

Sasa ile asubuhi. Nilitoka chumbani nikamkuta babu yako amekaa kwenye kiti cha dirishani, kitabu mapajani, simu mezani mbele yake. Ilikuwa saa yake ya ibada. Hakukuwa na mtu wa kumpigia, sote tulikuwa ndani, lakini mwili ulishazoea. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye.

"Baba," nikasema, "kule nilikuwa naishusha sauti yako."

"Nilijua. Siku mlipoacha kunisubiri, nilijua."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuacha kuimba. Akageuka kuangalia theluji.

"Nyumba ilikuwa kimya. Nilitaka kusikia mtu, hata kama mtu mwenyewe ni mimi." Akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati. "Halafu nikasema, ipo siku utasahau kushusha. Siku hiyo usinikute nimechelewa."

Nililia, sikufichi. Nililia na umri wangu ule, na yeye akanipa kitambaa chake, akaniuliza kama huko Kambodia wanajua kupika chai.

Aliishi nasi miaka mingine, na hakuwahi tena kuimba kwa wakati. Mwili ukishajifunza kutangulia hausahau. Basi sisi ndio tuliojifunza: alipoingia, nasi tuliingia hapo hapo, hata kama ni mapema. Wageni walidhani ndivyo Wanyakyusa wanavyoimba. Alipokufa, Mama Gulshan alikuja msibani na chupa yake ya chai, akakaa kwenye kiti kile kile cha karibu na mlango. Baadaye binti yake akaja kumchukua, akahamia naye Vancouver. Lusajo akapata kazi Calgary. Kisha mama yako, na hayo unayajua.

Watu huniuliza kanisani naendeleaje, nami husema namshukuru Mungu, na ni kweli namshukuru. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lifti ikisimama ghorofa yetu huwa nanyamazisha redio, nisikie kama nyayo zinakuja upande huu. Nala kwenye sufuria, kwa sababu kutoa sahani moja kabatini kunaniudhi. Na jioni naimba. Zamani nilikuwa sauti ya tatu, ila sasa nimeshuka mpaka ya nne. Aliyehamia chini badala ya Mama Gulshan bado hajaja kugonga.

Ndiyo maana jibu langu la Jumapili limeninyima raha wiki nzima. Uliposema Mungu amewaita, nilikwambia, "Akiita Mungu, nani atakataa?" Maneno yale yale ya babu yako yalinitoka kabla sijayapima, nikanyoosha mkono nikachukua kikombe changu cha chai. Nawe ukatabasamu, ukamtazama mumeo kama mtu aliyepata baraka. Ukafanana nami sana.

Basi sikiliza, mwanangu, nawe umwambie mwenzako. Mungu akikuita, nenda. Sijutii hata siku moja ya Kambodia, maana wapo watoto walioishi kwa mikono ya mama yako. Lakini usilitangulize jina la Mungu mahali ambapo mwenzako alikuwa hajasema neno lake. Anayebaki muulize, na umuulize kwa namna ambayo anaweza kukukatalia. Swali lisilo na nafasi ya hapana si swali, ni tangazo. Akikwambia ataumia, usiharakishe kumtuliza wala kumsomea mstari wa Biblia. Msikie kwanza. Unaweza kwenda baada ya hapo, na pengine ndivyo itakavyokupasa, lakini utakwenda ukijua umeacha nini nyumbani. Na ukiwa huko mbali, usimfanye aliyebaki kuwa mtu wa kuitikia Amina tu. Watu wazima tunajua mnapoacha kutusubiri. Huwa hatusemi.

Kwa hiyo rudini Jumapili hii, niulizeni upya, nami nitajibu kama mtu mzima. Nitasema nitakuwa mpweke, mwanangu, mpweke sana. Nitasema pia kwamba nimekuruhusu. Yote mawili ni ya kweli, uyafunge pamoja kwenye mzigo wako, usiache moja.

Mungu aliyewaita awatangulie milimani, awape afya, awape mikono isiyochoka na majirani wanaogonga mlango. Awape watoto watakaowacheka bila kuwasahau. Jioni yenu itakapokuwa asubuhi yangu, nitakuwa dirishani na kitabu cha babu yako, na simu mbele yangu. Mimi nitatangulia kidogo. Nanyi nisubirini kidogo. Amina.