Rupia ya Tembo na Pete ya Rahel

Mlango wa nyumba ya Sostenes, pale Misigiri, umekazwa bawaba kwa rupia. Si rupia ya kweli. Ni kipande cha shaba alichouziwa Itigi akiwa kijana, na mtu aliyeapa kwa jina la mama yake kwamba ni dhahabu ya Mjerumani. Ya pili ilikuwa ya kupakwa rangi. Ikachujuka mfukoni siku ya mvua na kuiharibu suruali ya kanisani. Ya tatu ilikuwa na tembo kama inavyotakiwa, ila tembo mwenyewe alifanana mno na nguruwe. Kwa muda mrefu Sostenes aliwatetea Wajerumani, akisema kuchora hawakujua.

Huku kwetu kila mtu amesikia habari za sarafu zile. Wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, Mjerumani aligonga sarafu za dhahabu Tabora, upande mmoja tai, upande wa pili tembo. Watu husema nyingine zilifukiwa njiani alipokuwa anakimbia. Wengi wetu tulisikia, tukacheka, tukaenda shambani. Sostenes alisikia akiwa mtoto na hakucheka. Nadhani kila kijiji kina mtu wake mmoja ambaye hakucheka, na bila yeye kijiji kingekuwa na upweke fulani usioelezeka.

Watu wanamwita Bwana Rupia, naye anaitika. Analima alizeti na mtama kwa plau, akiwa na maksai wawili, Haraka na Subiri. Haraka ndiye mvivu. Lakini wamezoeana nira, na maksai mmoja peke yake halimi. Huyo ni nyama inayosubiri siku yake.

Mwaka jana, mawingu ya Novemba yalipoanza kukusanyika, alifika mtu kwa pikipiki. Alijitambulisha kwa jina la Gervas, viatu vyake vinang'aa, shikamoo yake imenyooka. Akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na sarafu ya manjano yenye tembo, na safari hii alikuwa tembo kwelikweli.

"Babu yangu aliwabebea Wajerumani mizigo," alisema. "Sitaki fedha, mzee wangu. Nipe yule maksai tu." Akamnyooshea kidole Haraka.

Sostenes alijitenga nyuma ya ghala akampigia simu mwanawe Festo, fundi umeme pale Singida mjini.

"Baba, usinunue."

"Sinunui. Nauliza tu."

"Ulivyouliza mara ya mwisho, Mama alikaa mwaka mzima bila ndoo." Festo akavuta pumzi. "Haya. Weka sumaku. Ikivutwa, mfukuze. Isipovutwa, bado usiamini, maana hata shaba haivutwi. Angalia ukingo, angalia maandishi. Halafu ifananishe na dhahabu unayoijua."

Hilo la mwisho lilimwingia Sostenes vizuri. Sumaku aliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, sarafu haikuvutwa. Ukingo ulikuwa sawa, maandishi yalikuwa ya Kijerumani, au walau hayakuwa ya Kiswahili. Ikabaki dhahabu anayoijua, na katika nyumba ile ilikuwapo moja tu.

"Mama Festo," aliita, "niazime pete."

Rahel alikuwa anachambua mtama mlangoni pa jiko. Akaivua polepole, akampa, kisha mkono akauficha ndani ya khanga.

Jirani yao Kefa alikuwa amekuja kuazima jembe akaishia kubaki kama shahidi. Sostenes aliokota jiwe jeusi la mtoni, akakwaruza pete, akakwaruza sarafu kando yake. Mistari miwili ikafanana kama mapacha. Akakamua ndimu juu ya zote mbili na kuzifuta. Zote zikang'aa kuliko mwanzo.

"Umeona?" alimwambia Kefa. "Zinafurahi pamoja."

"Mimi naona ndimu imeisha," alisema Kefa.

Gervas alikuwa amekwisha kumfikia Haraka, akimpiga makofi makalioni na kumbinya mbavu. Rahel alimtazama. Kwetu hakuna anayechukua ng'ombe wa kulima bila kumfunga nira kwanza na kutembea naye mitaro miwili mitatu. Huyu hakuulizia nira. Hakuuliza hata jina.

"Baba Festo, njoo uninyanyulie chungu."

Sostenes akaingia jikoni. Chungu kilikuwa kitupu. Rahel akautoa mkono ndani ya khanga na kumwonyesha kidole cha pete.

"Unaona nini?"

"Kidole."

"Kina rangi gani hapo chini?"

"Kijani. Umechuma mboga?"

"Mboga gani hiyo, tangu Festo hajazaliwa?"

Sostenes akakitazama kidole, kisha pete iliyokuwa mkononi mwake.

"Kila Jumamosi unaniona naisugua kwa ndimu na majivu," Rahel alisema taratibu, Kefa asisikie. "Ulidhani nafanya nini?"

"Nilidhani unaipenda."

"Naipenda. Ndiyo maana naisugua. Lakini dhahabu haihitaji ndimu, mume wangu. Ndimu ni ya shaba. Ukimtoa Haraka leo, tutalima na nini?"

Sostenes akakaa juu ya kinu kilicholala. Nje Kefa alisikika akikohoa kikohozi cha mtu anayetaka kuitwa ndani.

"Pete hii niliitolea ndama mzima pale mnadani Shelui," alisema.

"Najua. Alikuwa ndama mzuri."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi."

"Nani mwingine anajua?"

"Mama. Dada zangu." Akafikiri kidogo. "Na mchungaji aliyetufungisha."

"Mchungaji?"

"Alipoishika, alitabasamu kabla ya kuibariki."

Sostenes alikaa pale mpaka akamaliza kumkumbuka yule mchungaji. Kisha akamvisha mkewe pete juu ya ule ukijani, akatoka nje na kumrudishia Gervas sarafu yake katika kitambaa chake.

"Nimeipima. Inalingana na pete ya mke wangu kwa kila kitu."

"Basi tumemaliza, mzee wangu," alisema Gervas, akishika kamba.

"Tumemaliza. Iachie kamba."

"Si umesema inalingana?"

"Ndiyo kasoro yake."

Gervas alimtazama Kefa, Kefa akatazama mawingu. Pikipiki iliondoka kwa kelele nyingi, na Haraka hakugeuza hata sikio. Baadaye Kefa aliulizia maana ya maneno yale, akaambiwa ni mambo ya nyumbani.

Mvua ilianza siku chache baadaye, nao wakalima, Subiri mbele na Haraka akikokotwa kama kawaida yake. Jumamosi iliyofuata niliwapitia jioni. Sostenes alikuwa ameketi kwenye kigoda, nusu ya ndimu mkononi na majivu kwenye kisahani, anasugua pete, ulimi umemtoka pembeni. Rahel alikuwa amekaa karibu naye, kidole chake cha kijani wazi, hakifichwi tena.

"Tukiuza alizeti nitakununulia ya kweli," alisema Sostenes bila kuinua macho.

"Ukininunulia ya kweli," Rahel akamjibu, "Jumamosi jioni utakuwa unanisugulia nini?"

Sostenes akaikagua pete kwenye mwanga, akaona bado, akaongeza majivu.