Kapu la Mama Watoto

Vijana wa ofisini walimwita Mzee Mabano, kwa sababu hakupitisha programu yenye mabano yasiyofungwa, hata kama mwandishi wake alikuwa binti yake mwenyewe. Lugha ya kompyuta waliyoihudumia aliibuni yeye na marehemu mkewe, kwenye meza ya kulia chakula, binti huyo akiwa bado mchanga.

Jambo moja tu liliwagombanisha. Mtu akiita amri bila kuipa kila inachohitaji, lugha hujaza pengo kwa thamani ya akiba. Mzee alitaka akiba hiyo iandaliwe mara moja tu, amri inapotungwa, kisha itumike siku zote. Mkewe hakukubali.

"Baba watoto, mtu akinyamaza leo, mwandalie cha leo. Utamlishaje kiporo cha juzi?"

"Kompyuta haiumwi tumbo, mama watoto."

Mama alicheka, akamwachia. Kisha, kwa utani, akatunga programu ya kwanza ya lugha hiyo: kapu la sokoni. Usipotaja kapu, ulipewa lile la akiba. Na kwa kuwa liliandaliwa mara moja, kila ulichotia kilivikuta vya jana humo humo.

"Kiporo chako kina baraka," alimtania.

Mama alipoanza kukonda, mzee alimuuliza kila jioni kama kuna lolote. Mama alinyamaza. Miaka yote kimya chake kilimaanisha hajambo, na mzee akakipokea vivyo hivyo. Walipofika kwa daktari, ugonjwa ulikuwa umekwisha kukomaa.

Baada ya mazishi, mzee hakuizima kompyuta yenye kapu lile, lisije likapotea. Ilikaa ofisini pembeni ya dirisha, na ndani yake vitu alivyotia mama: sabuni, uzi mweusi, majani ya chai.

Asubuhi moja binti aliingia bila hata salamu.

"Baba, zahanati moja inayotumia lugha yetu imelalamika. Dawa za mgonjwa wa kwanza zimetokea kwenye orodha ya wa pili. Muuguzi ndiye aliyeshtuka."

"Waliacha pengo?"

"Waliacha. Ni ile akiba yako, baba. Tuibadilishe."

Mzee alitazama dirishani. Kwa desturi yao, toleo jipya halikutoka kabla ya kuendesha programu ya mama, kwenye kompyuta ile ile. Kanuni ikibadilika, kila mwito ungepata kapu lake, na lile la zamani lingepotea.

"Tunakili vilivyomo," binti alisema kwa upole.

"Vilivyomo navijua, mwanangu. Ninaloliwazia ni kapu lenyewe."

Binti akanyamaza. Mzee akageuka upesi, akamkazia macho.

"Umenyamaza. Unawaza nini?"

"Nawaza yule mgonjwa wa pili," alijibu. "Na mama."

Mzee akavuta kiti. Aliifunga programu ile kwa mkono wake, akaweka toleo jipya, akaiwasha tena. Akatia sabuni. Akatia uzi mweusi. Kioo cha kompyuta kikaonyesha uzi peke yake.

"Imekubali, baba."

"Imekubali. Mama yako alisema."

Akaiita amri mara ya mwisho, bila kuipa chochote. Ikamletea kapu la leo, halina kitu ndani. Mzee akalitazama mpaka binti akamfungia dirisha, maana upepo ulikuwa umeanza kumpiga kifuani.