Ng'ombe Bora wa Marehemu Yeo

Mjane Thomasin Yeo hakumwamini mtu. Akiletewa yai na jirani, alilitikisa sikioni kwanza. Mchungaji akimwambia Mungu amlinde, aliuliza amlinde na nani hasa. Basi mumewe Digory alipokata roho mwezi Machi, machozi hayajakauka, jambo la kwanza lililomjia kichwani lilikuwa ng'ombe.

Na hapo, nisimsengenye bure, alikuwa na haki. Shamba lilikuwa la bwana mkubwa, wao wapangaji tu, na mpangaji akifa kulikuwa na sheria iliyoitwa herioti: bwana huchukua mnyama mmoja wa marehemu, aliye bora kuliko wote. Si yule mzee, si yule kilema. Bora! Siku hizi ukilitaja neno hilo hata mawakili wa London watakuna vichwa, lakini zama zile hapa Devon mtoto wa miaka mitano alilijua. Mjane alifiwa mara mbili, mume kwanza, mnyama baadaye.

Mnyama bora wa Digory alikuwa Cherry, ng'ombe mwekundu, mpole, mwenye maziwa ya kutosha siagi na jibini, na jibini hilo ndilo lililomlisha Thomasin. Bila Cherry angekwenda kupiga foleni ya mkate wa maskini mlangoni pa kanisa. Kwa hiyo kabla kengele ya msiba haijagongwa, alimvusha mto na kumficha kwa dada yake Wilmot, kwenye ardhi ya bwana mwingine. Bwana Pethick, msimamizi wa shamba, alipokuja na kamba yake mkononi, alikuta dume kuukuu la kulimia lenye goti bovu.

"Ndiye bora huyu?"

"Ndiye huyo huyo, Bwana Pethick. Sisi wengine maskini."

"Mm. Maskini mwenye ndoo tatu za maziwa ukutani?" Pethick alilifunga kamba lile dume. "Haya, nampeleka. Lakini nikimwona aliye bora kuliko huyu, popote pale, namfuata. Sheria inaniruhusu."

Ndoo tatu! Nani alimwambia azitazame? Thomasin hakulala vizuri tena. Aliyemshuku kuliko wote alikuwa Amyas Luscombe, jirani wa upande wa pili wa ua, mwenye ardhi yake mwenyewe isiyo na bwana, mtu wa kucheka cheka. Siku ya pili baada ya maziko alikuwa ameuliza, "Cherry simwoni siku hizi, Mama Yeo, yuko wapi?" Mtu mwema angeulizia ng'ombe wa nini? Hata Wilmot, dada wa tumbo moja, hakupona. Thomasin alisema kikulacho ki nguoni mwako, akawa anavuka mto kila alfajiri kuchungulia kama dada yake anamkamua Cherry kupita walivyopatana.

Asubuhi moja akakuta malisho matupu. Lango wazi.

"Umemuuza!" alimfokea Wilmot.

"Nimuuze kwa nani, we mwanamke? Mimi langoni sijafika tangu juzi. Wa mwisho kupita pale ni wewe, na kuchungulia kwako!"

Thomasin alifyonya, akaenda zake. Cherry alikuwa amekwisha kamatwa njiani na kufungiwa kwenye zizi la mifugo iliyopotea. Huko nako kulikuwa na sheria yake. Mnyama asiye na mwenyewe alipigiwa mbiu kanisani na sokoni, na ikipita mwaka na siku moja bila mtu kujitokeza, alikuwa mali ya bwana wa ardhi ile.

Mbiu ikipigwa kuna jambo, na jambo la Thomasin lilikuwa la kumkaba koo. Akisema ni wangu, Pethick anasikia na kumchukua Cherry kwa herioti. Akinyamaza, Cherry anakwenda kwa bwana wa ng'ambo. Jumapili mbili alikaa kanisani akisikiliza karani akimtangaza ng'ombe mwekundu, pembe ya kushoto imepinda, na kila aliyekohoa alimhesabu kuwa mpelelezi. Wanakijiji walijua, wote! Wakatazama viatu vyao. Yeye akaona wanaficha kicheko.

Jioni ya kuamkia siku ya soko, Amyas alimgongea mlango. Hakufungua.

"Mama Yeo," Amyas alinong'ona kwenye ufa, maana mtumishi wa Pethick alikuwa akipita barabarani. "Kesho wewe funga mdomo. Niachie mimi."

Loo! Kwa Thomasin hicho kilikuwa kitisho. Alisukuma kiti mlangoni, akakikalia.

Kesho yake Cherry alifungwa kwenye msalaba wa mawe katikati ya soko. Pethick alikuwepo, mikono nyuma. Mpiga mbiu akauliza ni wa nani. Kisha Amyas akajipenyeza mbele, kofia mkononi.

"Ni wangu," alisema. "Nilimnunua kwa Digory tangu Krismasi, akanitoroka. Niko tayari kuapa."

Akaweka mkono juu ya Biblia. Amyas, ambaye hakuwahi kudanganya hata bei ya kondoo! Watu wakaitikia, ndiyo, ndiyo, wa Amyas huyo, nani asiyemjua. Hata Wilmot aliitikia. Na Thomasin, akiwaona wote wamekuwa na kauli moja, akaona kumbe walikula njama siku nyingi wamwibie.

"Mwongo!" alipiga kelele. "Mwizi wewe! Cherry ni wangu! Mume wangu alipokufa alikuwa zizini mwetu huyu, nikamvusha mto kwa mikono yangu hii!"

Amyas akafumba macho. Pethick hakuwa na haraka. Alitoa kamba, akaipitisha kwenye pembe iliyopinda.

"Herioti ni mnyama mmoja tu, mama," alisema, kwa adabu kabisa. "Lile dume lako nitakurudishia kesho."

Cherry alipopita alimnusa Thomasin mfukoni, alikozoea kupewa kipande cha tufaha.

"Kwa nini hukuniambia?" Thomasin alimgeukia Amyas.

"Nilikuambia nini mlangoni? Ng'ombe akiwa wangu kwa jina tu, akalala kwako, Pethick angesema nini? Nilikuwa namleta nyumbani, Mama Yeo."

"Uongo."

Amyas alivaa kofia yake, akaondoka. Safari hii hakucheka.

Thomasin alirudi peke yake, njia nzima akijiambia kuwa jirani anajikosha tu, mtu hapati dhambi ya kuapa uongo kwa ajili ya mjane asiye ndugu yake. Alipofika alikwenda moja kwa moja zizini, kuhakikisha hakuna kilichoibwa. Zizi lilikuwa limefagiliwa. Hori lilijaa majani makavu, mazuri, ya upande wa pili wa ua, na kando yake ndoo ya maji masafi. Akaketi chini palepale, akalia kuliko alivyomlilia Digory.