Sindano za Majengo na Presha Yangu

Niliondoka Inyonga kwa sababu kichwa kilikuwa kinanigonga tangu kiangazi kianze. Nilisingizia moshi. Sisi warina asali tunafukuza nyuki kwa moshi, basi kila maumivu tunasema ni moshi. Mke wangu Sofia alikuwa amerudi kwao Majimoto, amechoshwa na ukali wangu na nyumba isiyo na mtoto. Sikuwa na wa kumuaga. Nilifunga mlango, nikabeba dumu la asali la kuuza.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda lori la tumbaku. Njia nzima misitu ya miombo tu, na utingo kalala juu ya marobota. Nilitamani hata mtu wa kubishana naye.

Mpanda tulifika jua kali. Nilikwenda mtaa wa Majengo kwanza, kwenye duka la dawa, nichomwe sindano ya nne ya homoni za kiume. Muuzaji alikuwa ameniahidi zitaniletea mtoto, akanionya nisimwambie mke. Duka lilikuwa limefungwa. Kizunguzungu kikanikamata pale mlangoni, nikajikokota hadi hospitali.

Daktari, mama mtu mzima, alinipima mara mbili. "Baba, presha imepanda vibaya. Unatumia dawa gani?"

"Situmii."

"Ukinificha, nitakutibu kwa kubahatisha."

Nikasema. Hakucheka. Alieleza kwamba homoni hiyo, mwili ukijitengenezea kiasi chake, haina neno. Ikizidishwa kwa sindano, damu huwa nzito, mwili hushika chumvi na maji, mishipa ya damu hukakamaa, presha hupanda.

"Na mbegu zako zimelala," akaongeza. "Mwili ukiletewa homoni, unaacha kazi yake."

"Zitaamka?"

"Mara nyingi huamka, ukiacha sindano. Ni miezi. Na hivi vidonge vya presha ninavyokupa, nani nyumbani atakukumbusha?"

Sikuwa na jina la kumtajia. Hapo ndipo upweke uliponiuma kweli.

Kesho yake asubuhi niliacha lori la Inyonga liondoke, nikapanda la Majimoto. Nilimkuta Sofia uani, anapepeta mchele. Nikaweka dumu chini, nikamweleza yote, sindano tatu na uongo wa moshi. Nimejifunza kwamba ile siri ilinila kuliko dawa yenyewe, na hilo pia nilimwambia.

Akapepeta ungo mzima. Halafu akauliza, "Hivyo vidonge unameza saa ngapi?"