Leso Mbili za Bi Zuhura

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nilipoingia wadi ya wanawake hapa kisiwani nimevaa tai. Tai, kwa joto la Mombasa! Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, nina dodoso la kuwauliza wagonjwa na wauguzi wanaionaje huduma, na nilijiona mtu wa maana sana.

Kwenye kitanda cha kwanza alilala Bi Zuhura, mama mzee wa mtaa wa Ndia Kuu, mwenye kidonda cha sukari mguuni. Nikamuuliza huduma anaionaje.

"Nzuri, mwanangu. Mungu awazidishie."

Nikatia alama: ameridhika.

Sista Kadzo, muuguzi wa zamu, alichungulia karatasi yangu akacheka. "Ameridhika? Siku ya tatu leo hataki nimguse! Daktari asema kidonda kisiposafishwa leo, mguu utakatwa. Mkaidi huyu, aogopa uchungu."

"Basi muulize wewe," nikasema, kwa kiburi kidogo.

Akavuta kiti, jambo ambalo mimi sikulifikiria. Akamwamkia, akauliza alivyolala, akauliza wajukuu, hata paka. Mimi natazama saa. Ndipo akasema, "Bibi, wakataa nini hasa?"

Bi Zuhura akavuta shuka hadi kidevuni. "Uchungu nauweza, nimezaa saba. Lakini juzi ulinifunua hadi pajani, na wanaume wapita mlangoni wanitazama."

Sista akamshika mkono. "Niliona kidonda tu, bibi. Nisamehe."

Akachukua leso mbili, zile kanga za mgonjwa mwenyewe. Moja akaifunga kwenye vyuma vya kitanda iwe pazia, ya pili akamfunika, kikabaki wazi kidonda peke yake.

"Haya, safisha," akasema Bi Zuhura, "lakini taratibu, mimi si samaki wa kuparwa. Na wewe mwenye tai, geuka huko!"

Nikageuka. Majuma baadaye alirudi Ndia Kuu kwa miguu yake miwili.

Bado naliwaza jambo lile. Kwa muuguzi, kumjali mgonjwa kulikuwa bandeji safi. Kwa mgonjwa, stara. Wote wawili walikuwa na haki. Aliyekosea ni mimi, niliyedhani jibu limo kwenye karatasi yangu.

Basi, mwanangu, ukienda kumhudumia mtu, keti kwanza. Mwamkie, umuulize anachokiogopa kabla hujamwita mkaidi. Na akikwambia upesi kwamba yote ni mazuri, usiandike bado. Mungu akupe mikono myepesi, na siku utakapolala wewe kitandani, akuletee mtu atakayekumbuka kukufunika.