Rangi Mpya ya Gari la Mama Afande

Papa yangu alikuwa hampeleki mbuzi soko la Rwekubo bila kumwosha kwa sabuni. Majirani zetu wa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi kule Uganda, walicheka mpaka wakashika mbavu, na mbuzi mwenyewe alilia njia nzima utadhani anapelekwa kubatizwa. Papa hakujali. "Kitu haitokake ku nyumba yako na buchafu," alisema. Kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, hilo si jambo la kushangaza. Bibi arusi anapakwa mafuta, maiti anaoshwa, nyumba inasilibwa udongo mpya kabla mgeni hajabisha hodi. Ndiyo heshima yetu, na ndiyo heshima hiyo iliyotuvua nguo mchana kweupe, pale Kakiika.

Kabla ya vita Papa alikuwa tolie huko Uvira, yaani fundi wa kunyoosha mabati ya magari na kuyapiga rangi. Ukimbizini akawa mkulima wa mahindi na maharage kama wengine, tena mkulima mbovu, Mungu anisamehe. Kwa hiyo mjane mmoja wa mwanajeshi alipotafuta mlinzi wa kiwanja chake cha Kakiika, karibu na mji wa Mbarara, Papa alikubali hata kabla hajamaliza kuelezwa. Alinichukua na mimi ili nisome sekondari mjini. Mama na wadogo zangu walibaki Nakivale.

Mjane huyo tulimwita mama afande. Alikuwa bado anakaa katika nyumba za kambi ya jeshi, na alikuwa ameambiwa ahame, maana mume hayupo tena. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa pale kiwanjani, kuta zimesimama, paa hakuna. Tumaini lake lote lilikuwa chini ya turubai kubwa la kijani nyuma ya zile kuta.

Lilikuwa gari la Kiitaliano, la michezo, la tangu kabla sijazaliwa. Fupi, pana, limelala chini kiasi kwamba kuku wetu hawakuweza kupita uvunguni. Mwitaliano mmoja mnunuzi wa kahawa alimwachia marehemu alipoondoka nchini. Injini ilikuwa imekufa. Rangi yake nyekundu ilikuwa imepauka na kumenyeka, na kutu ilikuwa imekula milango. Mimi nililiona ni takataka tu. Kumbe shemeji yake mama afande alipiga picha, akaziweka kwenye mtandao ambako matajiri wanaokusanya magari ya kale wanatafuta vitu vyao, na mzungu mmoja akajibu kwamba anakuja mwenyewe kuliona.

Mama afande alikuja kutuambia huku anacheka na kufuta machozi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. "Fundi, mugeni nakuja Jumamosi. Yeye akinunua, mimi naweka mabati, naingia nyumba yangu. Wewe nasafisha gari, sawa?"

"Sawa, mama," Papa alisema. "Lala salama."

Ungemwona Papa wiki ile! Aliazima bomba la kupulizia rangi kwenye gereji moja ya mjini. Alipiga msasa mpaka vumbi jekundu likamjaa kwenye nyusi. Mashimo ya kutu aliyaziba kwa mastiki, akayalainisha kwa kiganja, akafumba macho asikilize kwa vidole kama pana mkwaruzo. Hakuna aliyemtuma kupaka rangi, na hakutaka malipo. Ilikuwa shukrani yake kwa mwanamke aliyetupa mahali pa kulala. Na mimi, niliyezoea kumwona ameinama kwenye maharage yaliyonyauka, nilimwona baba yangu akiwa fundi kwa mara ya kwanza. Alikuwa anaimba nyimbo za kanisani, tena kwa sauti ya pili, ambayo haiwezi.

Jumamosi asubuhi mama afande alipoliona alipiga kigelegele. "Eeh! Gari nakuwa bibi arusi!" Lilikuwa linang'aa hata ukajiona meno. Papa alivaa suti yake ya Jumapili, akasimama kando, mikono nyuma.

Mzungu alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe. Aliingia getini kwa haraka kama mtu anayekwenda kumlaki ndugu, kisha akasimama. Hakusogea karibu. Aliingiza mikono yote miwili mifukoni, akalizunguka gari taratibu, uso unazidi kumshuka. Halafu akaanza kusema kwa Kiingereza, na mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa nimekisoma vya kutosha. Alisema alisafiri njia yote ile kwa sababu kwenye picha gari lilikuwa halijaguswa na mtu tangu litoke kiwandani. Ile rangi iliyopauka ndiyo aliyokuja kuinunua. Hili lililopo sasa halina maana kwake. Akauliza, "Nani amefanya hivi?"

Jamani! Nani ananunua kutu? Lakini ndivyo ilivyokuwa, na damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilisubiri kidole kielekezwe kwenye ile suti. Nilijua watakavyosema: wakimbizi hawa, unawapa nyumba wanakuharibia mali, fadhila za punda ni mateke.

Mama afande alipiga hatua moja mbele. Kisha akajibu kwa Kiingereza, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyeagiza."

Papa alimgeukia. "Mama, anasema nini?"

"Anasema kazi ni muzuri sana, fundi," alisema mama afande. "Lakini yeye nataka gari ya kubwa kidogo."

Na Papa, ee Mungu wangu, alikwenda kwa yule mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama, akasema, "Merci mingi, patron, merci." Nilitamani ardhi inimeze. Niliona haya kwa ajili yake, na sitaficha, nilimwonea haya yeye mwenyewe, suti yake, kuinama kwake, ile merci yake. Mzee wa watu anashukuru anapotukanwa, na mtoto wake anaelewa kila neno.

Mama afande hakutufukuza. Hakusema kitu kamwe, siku hiyo wala baadaye. Papa naye alipanda gari la Rwekubo kwenda Nakivale, na aliporudi alikuja juu ya lori, amekalia mabati. Yalikuwa mabati ya nyumba yetu, yale aliyohangaikia tangu tulipofika ukimbizini. Aliyapigilia mwenyewe juu ya zile kuta. Nyumba yetu ya Nakivale akaifunika kwa turubai la kijani lililokuwa likifunika gari. Mama yangu alimnunia msimu mzima wa mvua, na alikuwa na haki. Mimi nilisema moyoni, tazama mjinga huyu, amedanganywa kwa sifa moja, amevua paa la watoto wake.

Mama afande alihamia. Mimi nilimaliza shule. Gari likabaki pale nyuma, jekundu, kuku wanatagia ndani.

Miaka ilipita kabla ulimi haujanishinda. Tulikuwa Nakivale, mvua inapiga turubai, mama anahamisha sufuria kutoka tone moja kwenda jingine. Hasira ikanipanda. Nikamwambia Papa kila kitu: mzungu alichosema, mama afande alivyomficha, na jinsi alivyoshukuru bure.

Papa aliendelea kumenya muhogo.

"Mutu akipenda rangi, anaipapasa," alisema. "Ule muzee aliingiza mikono mu mifuko. Miye niko tolie, mwana yangu. Nilijua mbele hajafungua kinywa."

"Sasa ulimshukuru kwa nini?"

"Ule mama alikamata haya yangu, akaibeba ku kichwa yake mbele ya batu. Ningemusukuma ianguke?"

Mama yangu alikuwa ameacha sufuria, anamtazama, na nikaona kwamba hata yeye hakuwahi kuambiwa. Kisha akainama, akachukua kisu kingine, akakaa kando yake kumenya muhogo.

Mimi nilibaki nimesimama, matone yananiangukia mabegani, na sikuthubutu kusogea.